Ndege Iliyoundwa kwa Hewa ya Embakasi

Baada ya tarawehe, msomaji wangu, barazani kwetu Mombasa hapakosi ubishi. Usiku mmoja huwa ni mpira, usiku mwingine ni bei ya samaki, na wapo wanaoweza kubishana hadi wakati wa daku juu ya nani aliyemwoa nani mwaka wa mvua kubwa. Ramadhani iliyopita, baina ya kikombe cha kahawa chungu na kipande cha haluwa, vijana walizusha jambo jipya: katika ndege zote alizopata kuziunda mwanadamu, ni ipi iliyo nzuri zaidi kuitazama?

Mmoja alisema Concorde, ile ya Waingereza na Wafaransa iliyoruka mara ya kwanza Machi 1969 na kustaafishwa mwaka 2003. Mwenziwe akasema Spitfire ya vita vya pili vya dunia. Wa tatu, ambaye amepata kusafiri, akaisifu Dreamliner ya siku hizi kwa sababu ya madirisha yake makubwa. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafumbua macho na kusema kwamba nzuri kuliko hizo zote ni mtepe, na ya kuwa sisi watu wa pwani hatuna haja ya kusifu chuma. Tukacheka. Lakini mimi nilinyamaza, maana nilikuwa na jibu langu, na jibu lenyewe lina mwenyewe. Mwenyewe ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba, naye anaishi Nairobi, mtaa wa Kware.

Basi baada ya Idi nikapanda gari kwenda kumwamkia, na kumuuliza.

Asiyeijua Kware namwambia hivi. Ukiingia Barabara ya Outer Ring kutoka upande wa Barabara ya Mombasa, ukakata kuelekea Pipeline na Mukuru kwa Njenga, utafika mahali ambapo magorofa yamesimama bega kwa bega hata jua la adhuhuri halina nafasi ya kufika chini. Nguo zimeanikwa kila roshani, mitungi ya maji ya rangi ya manjano imepangwa ngazini, na alfajiri watu kwa maelfu hutoka kwa miguu kwenda viwandani. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili: kware ni machimbo ya mawe. Mawe yakachimbwa, Nairobi ikajengwa, shimo likabaki. Julai 2024 shimo hilo lilitajwa kote duniani kwa maiti zilizopolewa humo, Mwenyezi Mungu awarehemu, na tangu hapo mtu akisema anakaa Kware huulizwa jambo hilo kwanza. Ami hapendi kuulizwa. Yeye hujibu kwamba anakaa karibu na uwanja wa ndege.

Na kweli anakaa karibu. Gorofa yao ina paa la wazi, na kutoka juu pale, upande wa kusini, unaziona ndege zikishuka juu ya mbuga ya wanyama kuelekea njia ya kutulia. Hupita kando, hazipiti juu ya kichwa, na kwa mtu anayependa kuzitazama hivyo ndivyo bora, maana ndege inayopita juu yako humwoni ila tumbo. Kila siku baada ya Alasiri mjukuu wake humshika mkono akampandisha ngazi mpaka huko, akamwekea kiti na birika ya chai ya tangawizi. Umri wa Ami umepita miaka 80, na macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Haoni ila mwanga na kivuli. Ndege huzitambua kwa sauti.

"Hiyo ina injini mbili," ataniambia. "Zote siku hizi zina injini mbili. Kama pikipiki."

Nilimbusu mkono, nikakaa chini juu ya mkeka, nikamweleza ubishi wa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe uliwaambia nini, mwanangu?"

"Nilinyamaza, Ami. Nilisema nitakuja kuuliza."

"Kuuliza nini? Wewe si uliiona?"

Naam, niliiona. Ilikuwa mwaka 1976, nami nina miaka 7. Baba alinichukua Nairobi kwa gari la moshi, na Ami, aliyekuwa mpaka rangi wa ndege huko Embakasi, akatupeleka kwenye uzio. Mimi ndege nilizokuwa nikizijua ni zile Fokker za mabawa juu zilizokuwa zikija pwani, zenye mapanga mawili yanayozunguka, nami nilidhani ndege zote ni hivyo. Mbele yetu ikasogea kitu cheupe, kirefu, chembamba, shingo mbele kama ya korongo, mabawa yamerudi nyuma, na mkia umepaa juu kabisa umebeba ubapa wake kileleni. Sikuona injini. Nikamwuliza Ami, je, hii inavutwa na nini? Akanigeuza mabega ili nitazame nyuma, na huko, chini ya mkia, nikaziona nne, mbili kila ubavu, zimekaa pamoja kama watu wa familia moja. Kisha ikageuka, ikanguruma, na nguo zetu zikapeperuka. Nililia. Baba alidhani nimeogopa.

Ndege ile ni Super VC10, na jibu langu, na la Ami, ni hiyo. Hatuko peke yetu. Huko Ulaya kwenyewe wapo waliozitumikia maisha yao yote na wasiokubali kwamba ipo ya kuishinda kwa umbo. Lakini ninalotaka kumweleza msomaji si kwamba ilikuwa nzuri tu; uzuri kila mtu na jicho lake. Ninalotaka kueleza ni kwamba umbo lile lilitokana na viwanja kama hiki chetu. Lau si joto na kimo cha viwanja vya Afrika, Embakasi ikiwa mojawapo, ndege ile isingekuwa na sura ile.

Watu wa pwani tukipanda Nairobi huona pumzi inatupungukia kidogo, hasa tukipanda ngazi za Kware. Sababu ni kwamba uwanja wa Embakasi uko kiasi cha mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho uzito wa hewa hupungua kadiri ya sehemu moja katika sita, na jua likiwaka hupungua zaidi. Mwanadamu huhema tu, akazoea. Ndege haizoei. Bawa lake hubebwa na hewa, na injini yake hula hewa; hewa ikiwa nyepesi, bawa halibebwi vizuri na injini hukosa nguvu, zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hutakiwa mbio ndefu zaidi ndipo ipae, au iache abiria na mizigo nyuma. Ndege za jeti za Kimarekani za miaka ile, kama Boeing 707, zilikuwa hodari sana kwenye njia ndefu za saruji za Ulaya na Marekani. Kwenye viwanja vya Afrika na Asia vyenye njia fupi, joto na kimo, zilipata taabu.

Shirika la ndege la serikali ya Uingereza, BOAC, lilikuwa na njia zake hizo hizo: Kano, Nairobi, Johannesburg, Karachi, Singapore. Mwaka 1958 likatoa oda ya ndege 35 kwa kampuni ya Vickers, iliyokuwa na karakana zake Weybridge, kusini ya London, chini ya uongozi wa George Edwards. Mwaka huo huo wa 1958 ndio uliofunguliwa uwanja mpya wa Embakasi. (Na tusisahau, kwa kuwa tunazungumza habari ya vitu vizuri, kwamba waliouchimba na kuusawazisha uwanja ule wengi wao walikuwa mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, waliofungiwa kambini hapo hapo.)

Mafundi wa Vickers walifanya jambo moja, na kutokana na hilo yakafuata mengine yote. Waliliacha bawa tupu. Injini zote nne, Conway za Rolls-Royce, walizihamisha nyuma kabisa. Bawa lisipotundikwa kitu, mbele yake pote paweza kuwekwa vipande vinavyofunguka wakati wa kupaa na kutua, na nyuma yake hali kadhalika. Bawa likawa kama mkono uliokunjuliwa vidole vyote, likaikamata ile hewa nyepesi kwa wingi zaidi. Injini zikiwa nyuma, mkia haukuweza kukaa chini, kwani ungeunguzwa na moshi wake. Basi ukapandishwa juu. Injini zikiwa mbali na ardhi, hazikumeza mchanga wala kokoto za viwanja vibovu. Na abiria, wakiwa wameziacha kelele nyuma yao, walikaa ndani kimya kama msikitini baada ya Isha. Kelele zote walirithi walio nje. Ami anasema wakati wa kupaa vioo vya karakana vilikuwa vikitetemeka, na mabuli ya chai yakisogea mezani.

Kwa hiyo yale yote aliyoyatazama mtoto wa miaka 7 akalia, lile bawa safi, ule mkia wa juu, ile shingo ndefu iliyohitajika kusawazisha uzito wa injini za nyuma, hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya urembo.

Ami yeye ana maneno yake. Asili yetu ni Matondoni, kisiwani Lamu, ambako babu zetu wote walikuwa maseremala wa vyombo, na yeye mwenyewe alianza kazi kwa kupaka shahamu na chokaa matumbo ya majahazi. "Chombo," aliniambia juu ya paa lile, "hukijui kwa rangi. Rangi ni mimi, naweza kukudanganya. Chombo hukijua kwa mstari. Weka jicho lako omoni ulipeleke mpaka tezini. Likikwama mahali, fundi alikosea. Ile Visii Teni jicho halikwami."

Nikamwambia Concorde nayo haikwami.

"Concorde ni mshale," akasema. "Mshale ni mzuri, lakini haubebi watu wako na mizigo yao. Tena si huyo huyo Bwana Edwards?"

Nilistaajabu kwamba alijua. Ni kweli, George Edwards ndiye aliyekuwa kiongozi wa upande wa Uingereza katika kuiunda Concorde. Wapaka rangi wa zamani walikuwa wakisoma.

VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962, na ikaanza kubeba abiria Aprili 1964, kutoka London kwenda Lagos. Ile ndefu zaidi, Super, yenye urefu wa mita 52 hivi, ilifuata mwaka 1965. Afrika Mashariki haikungoja kuletewa makombo. Shirika letu la East African Airways, lililoanza kurusha ndege Januari 1946, lilikwisha kuingia katika jeti tangu mwaka 1960 kwa ndege za Comet, nazo pia zilikuwa nzuri, injini zimefichwa ndani ya mabawa kama vito ndani ya mfuko. Mwaka 1966 likapokea Super VC10 ya kwanza, na kufikia Februari 1970 zikawa tano. Zilikwenda London na Rome, zilikwenda Karachi na Bombay. Zetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mbele.

Na ziligawanywa kwa uadilifu wa kindugu. Kila ndege duniani huandikwa kwa herufi za nchi yake. Uganda ni 5X, Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Y. Basi zile tano ziliandikwa 5X-UVA na 5X-UVJ, 5H-MMT na 5H-MOG, na 5Y-ADA. Ami ananisomea herufi hizo kwa mpangilio kama mwanafunzi wa chuoni anayesikilizwa juzuu yake. Alizipaka upya kwa mkono wake zilipochujuka kwa jua, na nembo ya simba nayo. "Nilikuwa nikimalizia 5H," aliniambia, "Mtanzania mwenzangu ananiambia, taratibu, hiyo ni yangu. Nikimalizia 5Y namwambia, sasa hiyo usiiguse. Tukicheka. Hatukujua kwamba iko siku watu watasema maneno hayo bila ya kucheka."

Hiyo ya kwanza, 5X-UVA, haikuiona siku hiyo. Tarehe 18 Aprili 1972, ikitoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikipaa Addis Ababa tairi la pua likapasuka. Rubani akajaribu kuisimamisha, breki hazikutosha, ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Katika watu 107 waliokuwamo walikufa 43. Nilimwuliza Ami juu ya siku ile. Alisema tu kwamba karakana nzima hapakusikika nyundo, na kwamba aliyekuwa na redio aliizima.

Ndege ile ilikuwa na adui mwingine asiyeonekana, nao ni saruji. Iliundwa kwa njia fupi. Lakini nchi moja baada ya nyingine zikaongeza urefu wa viwanja vyao ili jeti nzito za Kimarekani ziweze kutua. Njia ikishakuwa ndefu, yule aliyejifunza kuruka kwenye njia fupi hana tena cha kujivunia, na lile bawa lake kubwa na mkia wake mzito vinakuwa gharama ya mafuta. Mwaka 1964 mwenyekiti wa BOAC mwenyewe alijaribu kuzikataa zilizobaki katika oda. Abiria walizipenda, walizijaza, lakini mapenzi ya abiria hayapunguzi bili ya mafuta. Zikaundwa 54 kwa jumla na basi, ilhali 707 za abiria peke yake zilipita 800. Na ile ya 54, ya mwisho kabisa kutoka katika karakana ile, ndiyo 5H-MOG. Yetu.

Mwaka 1977 yakatokea yaliyotokea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika likasimama, Kenya ikaanzisha shirika lake Januari na kuanza safari mwezi uliofuata kwa Boeing 707 mbili za kukodi, na Februari hiyo hiyo Tanzania ikafunga mpaka. Ndugu watatu wakigombania jahazi, anayelichukua ni mdai. Zile VC10 nne zilizobaki zikarudishwa Uingereza. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na leo twavuka Namanga na Lungalunga kwa amani. Shirika la ndege la pamoja halikufufuliwa.

Ami aliziona zikiondoka. Kazi nayo ikaondoka. Haki yake ilimfikia kwa kuchelewa na pungufu, na mimi sitataja ni nani aliyechelewesha, kwa kuwa yeye mwenyewe hamtaji. Akaanza kupaka rangi mabango ya maduka, kisha malori, kisha matatu. Watoto wa Eastlands waliokua miaka ya themanini wamepanda matatu zenye herufi za Ami bila kujua kwamba mkono ule ule uliandika ubavuni mwa ndege za London. Angeweza kurudi Lamu. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini harudi, mpaka siku ile juu ya paa ndipo nilipoelewa kwamba swali langu ni la kipumbavu. Matondoni hakuna ndege za kusikiliza.

Sasa nifike pale nilipopatwa na mtihani.

Tangu nilipoanza kutunga, Ami amekuwa akinidai shairi la Visii Teni, nami nikimwahidi mwaka hadi mwaka. Safari hii nilikwenda nalo. Lina beti kadhaa, na sitamchosha msomaji kwa zote. Ubeti uliozusha mambo ni huu:

Ewe ndege ya thamani, mwili mwembamba mwepesi,
Injini nne tezini, bawa laini ja tasi,
Ulipaa kwa makini, ukaacha Embakasi,
Leo u ugeni gani, tukujuao ni sisi?

Alitikisa kichwa kwa radhi aliposikia samaki tasi, kwani ni samaki wa kwetu. Lakini mstari wa mwisho ulipopita alininyoshea kiganja ninyamaze.

"Kweli," akasema, "ziko wapi?"

Nilikuwa nimeandika mstari ule kwa ajili ya vina, sikudhani ataushika. Na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa najua. Kabla ya safari nilikuwa nimetafuta habari zao na picha zao, nazo zimo katika simu yangu. Yeye kwa miaka zaidi ya 45 alikuwa akiamini kwamba zilikatwakatwa zikawa masufuria. Nikawaza: nimwache na masufuria yake, au nimwambie?

Nikamwambia. Nilimweleza kwamba jeshi la anga la Uingereza lilizinunua zote nne, likazing'oa viti, likazitia matangi, na kuzigeuza ziwe za kunywesha ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikaitwa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Tangu miaka ya 1980 zilikaa Brize Norton katika kikosi nambari 101. Zilidumu sana kuliko shirika letu, kuliko BOAC, na Concorde pia. Safari ya mwisho ya kazi zilirushwa Septemba 2013, na ndege mbili zilizopata heshima hiyo ni zile mbili za 5H. Siku chache baadaye, tarehe 25 mwezi huo, 5H-MMT ikatua mahali panapoitwa Bruntingthorpe, na ikawa VC10 ya mwisho kuruka duniani. Siku moja kabla yake 5H-MOG ilitua Dunsfold, ikakabidhiwa jumba la makumbusho la Brooklands, lililoko kwenye uwanja ule ule wa Weybridge ilikoundwa.

Uso wake ulikunjuka. "Basi ziliruka," alisema. "Miaka yote hiyo! Ziliruka!" Akamwita mjukuu wake amletee kikombe kingine, akanipa na mimi.

Kisha akauliza zilikuwa zikinywesha ndege gani.

Hapa, msomaji, ulimi ulikuwa mzito. Nilijua kwamba Ami, kama wengi wetu, mwaka 1991 alikaa usiku kucha na redio akisikiliza jinsi Iraq ilivyokuwa ikipigwa, akilia. Nilimwambia kwamba zilikuwa ni ndege za vita. Akauliza, vita vipi? Nikamwambia, Ghuba, 1991. Na tena baadaye, 2003.

Alikaa kimya kwa muda ambao ndege mbili zilishuka. Ya kwanza hakusema ina injini ngapi, wala ya pili.

"Jahazi likiuzwa," alisema hatimaye, "aliyelinunua hulipakia atakacho. Jahazi haliulizwi." Akanyamaza tena. "Lakini ni sisi tuliouza."

Nilimjibu kwamba yeye hakuuza kitu, yeye alikuwa mpaka rangi.

"Walizipaka rangi gani?"

Nilifungua simu, ingawa nilijua kwamba haoni. Nilimweleza picha kama ninavyoiona. Kwanza walizipaka rangi iliyofifia, baina ya mchanga na katani kavu. Baadaye wakazipaka kijivu. Bawa ni lile lile, mkia ni ule ule, shingo ni ile ile. Jicho halikwami, nilimwambia, hata kwa rangi ile. Aliniuliza kama rangi imepakwa vizuri pembezoni mwa madirisha. Nikamwambia imepakwa vizuri. Akaridhika kidogo, kama fundi anayesikia kwamba mkewe wa zamani ameolewa na mtu mwenye adabu.

"Na simba?"

"Hayupo, Ami."

"Najua hayupo. Nakuuliza, walimkwangua au walipaka juu yake?"

Nilisema kwamba picha haiwezi kuonyesha jambo hilo.

"Haina budi ijulikane," alisema, akanigeukia kwa macho yake yale meupe. "Kuna kukwangua kwa msasa mpaka ukaufikia mabati, na kuna mtu mvivu anayepaka juu kwa juu. Sisi tulipokuwa na haraka tulikuwa tukipaka juu kwa juu. Jeshi nalo huwa na haraka. Ikiwa walipaka juu yake, basi simba yuko chini. Kazi yangu iko chini." Akaushika mkono wangu. "Hao wa makumbusho husoma barua?"

"Nadhani husoma."

"Waandikie. Waambie wakwangue kidogo tu, kadiri ya kiganja. Waambie anayeuliza ni mpaka rangi wake."

Adhana ya Magharibi ilianza kusikika kutoka upande wa Pipeline, na taa za Kware zikawaka, gorofa moja baada ya nyingine. Mjukuu akaja kumshika mkono. Tuliteremka ngazi taratibu, yeye akizihesabu kwa unyayo kama desturi yake, na kwenye ngazi ya mwisho akasimama akaniuliza barua hiyo nitaiandika lini.

"Kesho, Ami, inshallah."

"Iandike leo," akasema. "Kesho utapanda gari uende Mombasa, ukabishane barazani."